Albumini kwenye mkojo wa mwenye kisukari: tunapima figo au tunapima moyo?

#1 tabibu_mvita
Salaam aleikum jamaa. Nina hoja, nanyi mnikosoe.

Neno "kreatinini iko sawa" linawaponza watu wa kisukari. (Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu.) Chukueni mfano huu wa kutunga. Mama wa miaka 68, mwembamba, ana kisukari aina ya 2 kwa miaka 11, presha 148/86, kreatinini ya damu 95 µmol/L. Karatasi ya maabara haina nyota wala mshale, kwa sababu 95 imo ndani ya mipaka iliyochapwa kwa watu wazima wote. Stiki ya mkojo imetoka hasi. Anaambiwa figo nzima, arudi baada ya miezi 3.

Sasa itieni hiyo 95, pamoja na umri na jinsia, kwenye fomula ya CKD-EPI ya 2021. Mama anapata eGFR, yaani kadirio la kasi ya figo kuchuja damu, 56. Kuli wa bandarini wa miaka 30 akiwa na 95 ile ile, anapata eGFR 95. Namba ni moja, figo ni mbali kama Likoni na Mariakani.

Halafu akapimwa ACR, yaani uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini kwenye mkojo, ikatoka 12 mg/mmol.

Dai langu ni kwamba kinachomnyemelea mama huyu kwanza si mashine ya kusafisha damu. Ni mshtuko wa moyo, kiharusi, au moyo kushindwa kazi. Ninalouliza: ile albumini inausema nini moyo? Ndiyo inayoleta madhara, au ni moshi tu wa moto unaowaka kwingine?

#2 nesi_likoni
Aleikum salaam. Tabibu, nielekeze. Kliniki tunafundishwa mpaka wa ACR ni 30. Huyu ana 12. Hofu ya nini?

#3 maabara_tononoka
Dada nesi, swali hilo lina thamani kubwa, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mpaka wa 30 ni wa miligramu kwa gramu. Tabibu ameandika miligramu kwa milimoli. Kutoka mg/mmol kwenda mg/g unazidisha kwa 8.84, hivyo 12 yake ni takriban 106 mg/g. Amevuka mpaka zaidi ya mara tatu.

Ngazi zenyewe ni hizi. A1 ni chini ya 30 mg/g (chini ya 3 mg/mmol). A2 ni 30 hadi 300 (3 hadi 30). A3 ni zaidi ya 300 (zaidi ya 30). Mashine moja inatoa mg/g, ya jirani inatoa mg/mmol, na mgonjwa anazunguka na karatasi zote mbili kwenye bahasha moja. Kabla ya kusoma namba, soma kizio. Na anayenakili matokeo kwenye daftari la kliniki aandike kizio pembeni kila mara, hata akiwa na haraka.

Kuhusu stiki kuwa hasi: stiki ya kawaida huanza kubadilika rangi vizuri albumini ikifika karibu miligramu 300 kwa lita. Ngazi ya A2 inapita chini yake. Juu ya hilo, stiki inapima ukolezi. Aliyekunywa chupa mbili za maji kwenye foleni mkojo wake ni mwepesi, stiki haioni kitu. ACR inakwepa tatizo hilo kwa kugawanya na kreatinini ya mkojo ule ule.

#4 hesabu_za_afya
Dai la #1 lina ushahidi wa namba. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza uliwafuata watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari aina ya 2 tangu walipogunduliwa. Uchambuzi wake wa figo uliotoka 2003 uliweka mambo mawili ubavuni: kwa mwaka, wangapi wanapanda ngazi, na wangapi wanakufa.

Wasio na albumini: asilimia 2.0 wanapanda, 1.4 wanakufa. Wenye albumini kidogo: 2.8 wanapanda, 3.0 wanakufa. Wenye albumini nyingi: 2.3 wanapanda, 4.6 wanakufa. Ambao kreatinini yao imeshapanda sana au wako kwenye mashine: 19.2 wanakufa kila mwaka.

Tazameni ngazi ya tatu. Kwa kila mmoja anayefika hatua ya figo kuharibika, wawili wanakufa kabla, na vifo vingi katika kisukari aina ya 2 ni vya moyo na mishipa. Ndiyo maana wodi ya kusafisha damu haituonyeshi ukubwa wa tatizo: tunaowaona pale ni waliosalimika na moyo.

#5 mishipa_na_moyo
Ahsante hesabu. Nijibu swali la tabibu: ni moshi, na moto uko mwili mzima.

Mwaka 1984 Mogensen wa Denmark alionyesha kwamba albumini kidogo kwenye mkojo wa watu wenye kisukari cha ukubwani inatabiri vifo vya mapema. Mwaka 1989 Deckert na wenzake, hospitali ya Steno huko huko Denmark, wakatoa nadharia inayoitwa nadharia ya Steno: albumini inayovuja kwenye figo ni dalili ya utando wa ndani wa mishipa kulegea kila mahali. Kwenye moyo, kwenye ubongo, kwenye jicho. Figo ni dirisha tu, kwa sababu kinachovuja pale tunaweza kukikinga kwenye kikopo. Kinachovuja kwenye ukuta wa mshipa wa moyo hatukioni.

Utando huo umepakwa ute wa sukari na protini, mwembamba sana, wenye chaji hasi. Albumini nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Glukosi ikikaa juu miaka, ute unapukutika: albumini inapita, na mafuta mabaya yanapata njia ya kuingia ukutani. Tundu ni moja, madhara ni mawili.

Na hatari haingoji 30. Uchambuzi wa utafiti wa HOPE uliotoka 2001 ulionyesha inapanda polepole hata chini ya mpaka. Huo wa 30 ni mstari wa kututolea uamuzi, mwili wenyewe hauna mstari pale.

#6 figo_kwanza
Ndugu yangu mishipa, umeeleza vizuri lakini umeifanya figo kioo cha dirisha, na mimi siwezi kunyamaza.

Kuna maelezo mengine: presha ndani ya chujio lenyewe la figo. Katika kisukari, mshipa unaoingiza damu kwenye chujio unatanuka na ule unaotoa unabana. Damu inasongamana katikati, albumini inasukumwa nje. Ndiyo sababu mwanzoni eGFR inaweza kuwa juu kupita kawaida, 125 au 130, watu wakafurahi. Ile si afya, ni injini inayokimbizwa.

Ushahidi ni dawa. Losartani na enalaprili, dawa za presha, zinalegeza mshipa wa kutoa. Dapagliflozini na wenzake, dawa za kisukari, wanabana mshipa wa kuingiza. Albumini inashuka ndani ya wiki chache. Je, utando wa mwili mzima umejijenga upya kwa wiki chache? Sidhani. Umepunguza presha kwenye bomba, basi uvujaji umepungua.

#7 hesabu_za_afya
Nanyi nyote mna deni la kujibu jambo moja. Kama albumini ni kipimo cha moyo, basi kuishusha kungeokoa moyo kila mara. Haikuwa hivyo katika majaribio haya matatu ya dawa.

ALTITUDE: aliskireni iliongezwa juu ya dawa za kundi la losartani au enalaprili. Albumini ilishuka. Moyo haukufaidika, potasiamu ikapanda, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa 2012. ROADMAP, 2011: olmesartani ilichelewesha albumini kutokea, lakini vifo vya moyo vikawa vingi zaidi upande wa dawa, ingawa idadi yake ilikuwa ndogo. ONTARGET, 2008: kuchanganya ramiprili na telmisartani kulipunguza protini, figo zikaharibika zaidi.

#8 mfamasia_kizingo
Hesabu, #7 sawa, lakini usiwaache wasomaji wadhani dawa hizi hazina maana. Kilichoshindwa ni kuzipanga mbili za mfumo ule ule. Moja peke yake, kwa dozi kamili, imesimama tangu majaribio ya RENAAL (losartani) na IDNT (irbesartani), zote 2001.

Dozi kamili ndipo tunapokosea. Losartani iliyolinda figo kwenye RENAAL ilipandishwa hadi miligramu 100. Wengi huku wanaanzishwa 25 au 50 na kubaki hapo miaka, presha ikiwa 145.

Utaratibu: pima kreatinini na potasiamu kabla ya kuanza. Rudia wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza au kupandisha. Kreatinini ikipanda isizidi asilimia 30, endelea; ni ile presha ya chujio aliyoieleza figo inashuka. Ikizidi 30, usikimbilie kulaumu losartani. Uliza kwanza kuhusu kuharisha, kutapika, na vidonge vya maumivu. Diklofenaki au ibuprofeni, pamoja na losartani, pamoja na dawa ya kukojoza, ni mseto unaoweza kuiangusha figo kwa siku chache. Mgonjwa hatataja diklofenaki kwa sababu kwake si "dawa", ni kitu cha goti alichonunua dukani. Muulize kwa jina.

#9 nesi_likoni
Na flozini, yaani dapagliflozini na wenzake? Wanaotumia tunaona eGFR inashuka mwezi wa kwanza, wanaogopa, wanaacha.

#10 mfamasia_kizingo
Kushuka kwa pointi 3 hadi 5 mwanzoni kunatarajiwa, kisha mteremko unakuwa wa polepole kuliko wa asiyetumia. Inaweza kuanzwa eGFR ikiwa 20 na kuendelea. Waelezwe mambo matatu: fangasi sehemu za siri (waoshe na kukausha), wasitishe siku wanayotapika au kuharisha, na waache angalau siku 3 kabla ya upasuaji mkubwa. Damu inaweza kuchacha kwa ketoni hata kipimo cha sukari kikiwa karibu na kawaida, na hapo ndipo wahudumu wanapotea njia.

Kwa wanaofunga Ramadhani, waanze wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si ndani ya mfungo. Wameze wakati wa futari, na wanywe maji ya kutosha hadi daku. Joto la Februari na Machi la huku kwetu halisamehe.

#11 figo_kwanza
Na flozini hizo zinamtia mishipa mashakani. Faida yake kwa moyo unaoshindwa kazi inaonekana ndani ya wiki chache tu. Hiyo ni habari ya chumvi, maji na presha. Utando haurudi haraka hivyo.

#12 mishipa_na_moyo
Figo, unachanganya magonjwa mawili ya moyo. Moyo kujaa maji ni jambo la chumvi na presha, nakubali. Mshipa wa moyo kuziba ni jambo la ukuta. Albumini inatabiri yote mawili, na hapo nadharia yako ya bomba inapungukiwa.

Tena kwa finerenoni, dawa ya figo na moyo kwa wenye kisukari, walichambua ni kiasi gani cha faida kinapitia kushuka kwa albumini: upande wa figo ni sehemu kubwa, upande wa moyo ni sehemu ndogo. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinaendelea ambacho kikopo cha mkojo hakikioni.

#13 maabara_tononoka
Mkiendelea na mishipa, mimi nirudi kwenye kikopo chenyewe, maana mnajenga ghorofa juu ya sampuli ambayo huenda ilikuwa mbovu.

Mkojo bora ni wa kwanza baada ya kuamka. Katikati ya mkondo, mililita 10 zinatosha. Wakati wa Ramadhani, "asubuhi" ni ule wa kuamkia daku, si wa saa tatu kliniki. Ukishindikana wowote unafaa, lakini ukitoka juu rudia na wa asubuhi.

Vitu vinavyoipandisha bila figo kuwa na tatizo la kudumu: kazi nzito au mazoezi ndani ya saa 24, homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi, sukari iliyo juu sana siku hiyo, presha iliyo juu sana, moyo uliojaa maji. Kuli wa tabibu akitoka zamu ya usiku ya kubeba magunia akaja moja kwa moja kupima, namba yake siiamini.

Kwa hiyo jibu moja halitoshi. Sampuli 2 kati ya 3, ndani ya miezi 3 hadi 6, ziwe juu. ACR inayumba sana yenyewe kwa yenyewe. Ikishuka kutoka 106 hadi 85 mg/g usimsifu mgonjwa wala dawa; huenda ni mawimbi tu. Kwa aliye na 300 mg/g na zaidi, lengo ni ishuke kwa asilimia 30 au zaidi.

Usafirishaji: ukikusanya Mtwapa asubuhi na maabara iko kisiwani, tia kwenye kijokofu chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8. Usigandishe kama utapima wiki hiyo hiyo, kwa sababu ukigandisha albumini nyingine inaganda pamoja na mashapo na jibu linashuka.

Na mama wa #1 ana mtego wa pili ambao sijaona aliyeutaja. Ni mwembamba. Misuli kidogo, kreatinini kidogo. Kwenye damu hilo linafanya eGFR ionekane nzuri kuliko ilivyo. Kwenye mkojo linafanya kinyume: kigawanyo ni kidogo, ACR inapanda. Albumini ya 50 mg/L ikigawanywa na kreatinini 4 mmol/L ni 12.5. Ikigawanywa na 16 ni 3.1. Mwili mwembamba unaficha upande mmoja na kukuza upande mwingine.

#14 tabibu_mvita
Maabara, hilo limenifunza. Basi sistatini C, ile protini nyingine ya damu inayopima figo, ingemaliza ubishi?

#15 maabara_tononoka
Ingepunguza. Haitegemei misuli wala nyama uliyokula. Lakini inapandishwa na unene, sigara, inflamesheni (mwili kuwaka kwa ndani), dawa za steroidi, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mwongozo wa KDIGO, jopo la kimataifa la figo, wa 2024 unapendekeza fomula inayochanganya vyote viwili pale kinapopatikana. Eneo moja ambalo ningekiomba ni hili hasa: mtu mwembamba, mzee, aliyekatwa mguu, au eGFR iliyo kati ya 45 na 59 bila albumini.

#16 mlo_wa_pwani
Nimesoma kimya, naongeza la jikoni.

Nyama iliyopikwa inapandisha kreatinini ya damu kwa saa kadhaa. Mtu asipimwe asubuhi baada ya biriani la harusi. Akae saa 12 bila nyama wala samaki wengi. Siku ya pili ya Idi si siku ya kupima figo.

Chumvi: lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kisichojaa, kikihesabu kila kitu. Hapa kwetu haiko kwenye kitoweo pekee. Iko kwenye papa na ng'onda, kwenye achari, kwenye bhajia, kwenye vidonge vya mchuzi. Ukila chumvi nyingi, losartani inapungua nguvu ya kushusha albumini. Hiyo ni sababu nyingine ya dawa "kugoma".

Madafu: kikombe cha mililita 240 kina potasiamu kati ya miligramu 400 na 600. Mwenye eGFR 56 na potasiamu ya kawaida, dafu moja mara moja moja si neno, ila ahesabu sukari yake. Mwenye eGFR 28 anayekunywa losartani na spironolaktoni, ambazo zote hubakiza potasiamu mwilini, hapana.

#17 nesi_likoni
Kuhusu potasiamu, kabla ya kumsimamishia mtu losartani kwa sababu ya 5.9, angalieni damu ilivyotolewa. Kamba imekazwa dakika tatu, mgonjwa anafunguafungua ngumi, bomba limekaa juani saa nne: chembe zinapasuka, potasiamu inapanda yenyewe. Rudia upesi siku hiyo hiyo, na kama namba ni kubwa zaidi ya hapo fanya kipimo cha umeme wa moyo wakati unasubiri.

Jambo la pili, mmesahau kichocho. Mgonjwa anayetoka Msambweni au Tana River, aliyekulia kwenye maji ya bwawa, damu kidogo kwenye mkojo inaleta protini yake. Tafuta mayai kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, tibu kwa prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo, ndipo urudie ACR.

#18 figo_kwanza
Nesi amegonga penyewe. Niongeze: albumini nyingi, jicho halina madhara ya kisukari hata kidogo, kisukari kina mwaka mmoja au miwili, au kuna damu kwenye mkojo, usiandike "figo ya kisukari" ukalala. Tafuta mengine: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, ugonjwa wa chujio lenyewe. Na kila mwenye ACR ya juu apimwe macho, tena kwa kutanua mboni.

#19 mgeni_bamburi
Samahani kuingilia. Nimeambiwa eGFR 70, yaani figo zimebaki asilimia 70?

#20 tabibu_mvita
Karibu. Hapana, si asilimia. Ni mililita kwa dakika kwa eneo la mwili la mita za mraba 1.73. Juu ya 60 bila albumini na bila kasoro nyingine ya figo hatuiiti ugonjwa sugu wa figo, na chini ya 60 lazima idumu zaidi ya miezi 3. Omba ACR, hiyo ndiyo nusu ya jibu unayokosa.

#21 mishipa_na_moyo
Turudi kwenye eGFR yenyewe, maana tumeipa albumini uwanja wote. Chini ya 60 kuna njia za kuuumiza moyo zisizo na uhusiano na uvujaji: fosfeti inazidi na mishipa inakuwa migumu kama chokaa, damu inapungua, maji yanabaki mwilini, ukuta wa moyo unanenepa. Wapo wenye kisukari ambao eGFR inashuka bila albumini kabisa. Ukipima kimoja tu unawakosa hao, ukipima kingine tu unamkosa mwenye eGFR 95 na ACR 200 mg/g.

Tahadhari kwa walio zamu ya dharura: troponini, kipimo cha damu cha mshtuko wa moyo, inaweza kuwa juu kidogo siku zote kwa mwenye eGFR ya chini. Angalia inavyopanda au kushuka kati ya vipimo viwili, usitegemee kimoja.

#22 hesabu_za_afya
Na majedwali ya kukadiria hatari ya moyo? Nilisoma PREVENT ya Marekani ya 2023 inataka ACR na SCORE2-Diabetes ya Ulaya pia inataka.

#23 mishipa_na_moyo
Rekebisha. PREVENT inataka eGFR. ACR ni ya hiari. SCORE2-Diabetes ina eGFR, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi 3) na umri wa kugunduliwa kisukari, haina ACR. Ila mwongozo wa Ulaya wa 2023 unamweka mtu moja kwa moja kwenye hatari kubwa mno, bila jedwali, akiwa na eGFR chini ya 45, au ACR zaidi ya 300 mg/g, au eGFR 45 hadi 59 pamoja na ACR 30 hadi 300 mg/g. Mama wa #1 anaingia kwa hiyo ya mwisho. Jedwali la WHO la 2019 la kanda yetu ya Afrika Mashariki halina kipimo cha figo chochote. Ukimtia mama huyu humo, namba itakayotoka itakuwa ndogo kuliko hali yake.

#24 hesabu_za_afya
Shukran kwa sahihisho. Deni la #7 bado halijalipwa.

#25 figo_kwanza
Utafiti wa Steno-2 unalipa nusu. Watu 160 wenye kisukari aina ya 2 na albumini, nusu yao walishikwa kote kote: sukari, presha, mafuta, asprini, sigara, chakula. Matukio ya moyo yalipungua karibu nusu, matokeo ya 2003, na baada ya miaka 21 kundi hilo lilikuwa limeishi karibu miaka 8 zaidi kwa wastani. Hawakuifukuza albumini peke yake.

#26 hesabu_za_afya
Ndiyo, lakini kwa kuwa walitibu vyote, hatujui kipi kilifanya kazi. Hilo linampa nguvu mishipa kama linavyokupa wewe.

#27 tabibu_mvita
Basi kwa mama wa mfano naandika hivi, mnikosoe tena. Arudie ACR ya asubuhi mara mbili ndani ya miezi 3, kizio kimeandikwa. Wakati huo huo, bila kusubiri: statini (dawa ya kolesteroli), losartani ipandishwe hadi 100 presha ishuke chini ya 130/80, damu irudiwe baada ya wiki 3. Metformini abaki nayo, eGFR 56 haina kizuizi. Ikishuka chini ya 45 dozi ipunguzwe nusu, chini ya 30 iachwe. Flozini ikipatikana aanze. Macho mwezi huu. Diklofenaki nimuulize kwa jina. Sistatini C kama kuna uwezo.

#28 maabara_tononoka
Ongeza moja: sampuli zote zipimwe maabara moja, mashine moja. Na mwambie asije siku aliyobeba ndoo za maji kutoka ghorofa ya chini.